Ndoano si umaskini

Vijana wetu wa kando ya Tanganyika wanacheka wazee wenye kuvua na ndoano: eti ile ni kazi ya maskini. Mimi ninapinga. Mzee anatunga kasamaki kazima kwenye ndoano, anakaacha kaogelee nyuma ya mtumbwi, anapiga kasia polepole. Sangala anakuja mwenyewe. Anatwaa mkubwa mmoja, wadogo wanabaki.

Na ninyi wa chandarua cha mbu? Sangala na ndugu zake ni aina 4, haziko katika ziwa lingine lolote. Watoto wa wengi wao wanakulia ndani ya majani ya kando, na ndipo chandarua kinapita, kinafagia vyote. Mnakula mbegu, kisha mnauliza mavuno iko wapi!

Mtasema ndoano haishibishi jamaa kubwa. Kweli, iko na taabu. Mtasema tena kwamba tangu miaka ya 1950 nyavu kubwa za mashua za biashara zilipunguza sangala sana. Ni kweli vilevile. Lakini kosa la tajiri si ruhusa yetu. Wazazi, tufundishe watoto ndoano, wasije wakarithi maji matupu.