Mwalimu Haivi kwa Moto wa Mabua

Novemba 1974, kandokando ya ziwa letu hili, Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Nia ilikuwa njema, lakini walimu hawakutosha. Wahitimu wa darasa la saba wakapewa chaki, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Miaka 30 baadaye, shule za kata zilipoenea, wahitimu wa kidato cha sita walinolewa kwa wiki chache tu. Wananchi wakawaita "voda fasta".

Siwalaumu vijana hao. Alaumiwe aliyewatuma shambani bila jembe. Darasa hujengwa kwa miezi. Mwalimu huhitaji miaka. Tukiongeza madarasa Mwanza bila kukipa Chuo cha Ualimu Butimba na vingine muda, wakufunzi na fedha, tutarudia kosa lile lile kwa mara ya tatu.