Usiuze kahawa butura kwa ajili ya MRI (Sehemu ya 6)

Mama zangu, leo tumalizie habari ya ubongo kama nilivyoahidi.

Juzi mama mmoja hapa Kibeta kanifuata. Mtoto ana mwaka na miezi mitatu, hajatembea. Majirani wamemwambia ubongo una shida, ampeleke Mwanza akapigwe MRI. Alishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia kahawa butura. Kahawa iko bado kwenye mti, waitu!

MRI naiheshimu. Ni sumaku kubwa, haina mionzi kama eksirei. Siku hizi watafiti wanatazama nayo maielini, ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za ubongo kama plastiki kwenye waya wa umeme. Ukiwepo, ujumbe unakimbia. Sehemu kubwa hujengwa miaka miwili ya mwanzo. Ila kipimo hicho cha maielini ni cha utafiti, kinalinganisha makundi ya watoto. Hakikuambii wa kwako atatembea lini. Tena mtoto lazima atulie tuli, mara nyingi kwa dawa ya usingizi.

Nikamtazama yule mtoto viganja: vyeupe. Chakula chake ndizi na chai ya rangi. Sasa ubongo unajenga maielini kwa madini ya chuma, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Malaria nayo inamaliza damu. Nikamwambia apimwe damu kwanza. Kutembea kwenyewe, wapo wazima kabisa wanaoanza na miezi 17. Dagaa wa kusaga, maharage, maini kidogo: hivyo havidai shamba.

Sisemi MRI ni ya matajiri. Jirani zetu wa Mbarara, Uganda, mwaka 2022 chuo kikuu chao na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunda palepale mashine ndogo ya bei nafuu, wakiwalenga watoto wenye vichwa vikubwa. Kwa nini isifike Kagera? Hilo ndilo la kuwauliza viongozi wetu.

Lakini mtoto aliyekuwa anakaa na sasa hawezi, mwenye degedege, aliyelegea upande mmoja, au kichwa kinakua haraka, mlete hospitali leo leo. Daktari akiandika MRI, hapo hata mimi nitakusindikiza kutafuta hela.

Maswali andikeni hapo chini. Ya chai mtanigombeza, najua.