Ari ya msemaji huteka umati, haithibitishi ahadi
MANENO mawili, “Kibaki Tosha”, yaligeuza mkondo wa siasa za Kenya Oktoba 14, 2002, marehemu Raila Odinga alipoyanguruma katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Hayakubeba takwimu wala sera. Yalibeba imani ya msemaji, nao umati ukaambukizwa, kwani msikilizaji huipima ari kabla ya kuipima hoja.

Desemba mwaka huo, Mwai Kibaki alishinda urais. Hata hivyo, kufikia kura ya maamuzi ya Novemba 2005, wawili hao walikuwa katika kambi hasimu.

Ndiposa kuelekea uchaguzi wa 2027, wapigakura na washangilie watakavyo, lakini wadai pia majibu: ahadi itagharimu kiasi gani, na mdhamini wake ni nani?