Majaji wa filamu watoe sababu

Tangu 1998, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar limekuwa likiwakusanya watengenezaji filamu wa Afrika na nchi za majahazi, yaani za ukanda wa Bahari ya Hindi, katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Tuzo yake kuu, Jahazi la Dhahabu, ina heshima kubwa. Ndiyo maana tunawaomba waandaaji: majaji waeleze hadharani, kwa Kiswahili, kwa nini filamu fulani imeshinda, na kamati ya uteuzi iwajulishe waliokosa nafasi kasoro iko wapi: kwenye hadithi, sauti au uhariri. Hapo tamasha litakuwa pia darasa. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, imethibitisha kwamba vipaji tunavyo. Tuvinoe kwa ukosoaji wa haki.