Tuchange Kabla ya Uchungu: Habari za Kijiji cha Farasi

Mwezi huu safu yetu inavuka mipaka na kuwatembelea wenzetu wa Lesotho, nchi ndogo ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Huko watu wakikutana njiani husalimiana "Khotso", maana yake amani. Mama huitwa 'm'e, na baba huitwa ntate. Tumeichagua nchi hii kwa sababu viko bado vijiji ambamo farasi ndiye gari la familia, na yanayowapata akina mama wa vijiji hivyo yanatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika hatamu.

MAISHA YA SEMONKONG

Semonkong ni mji mdogo wa milimani, umbali wa kilometa kama 120 kutoka Maseru, mji mkuu. Jina lake maana yake ni mahali pa moshi. Moshi wenyewe ni mvuke unaopanda kutoka maporomoko ya mto Maletsunyane, ambako maji huanguka mita 192 kwa mruko mmoja. Baridi ya huko si ya mchezo. Kuanzia Juni hadi Agosti theluji huweza kufunga njia, na ndiyo maana wanaume kwa wanawake hujitanda blanketi la sufu mchana kutwa. Kwa Wasotho blanketi ni vazi la heshima, kama kanga au kitenge kwetu.

Barabara ya lami imefika Semonkong, lakini ukiiacha lami tu, vijiji vilivyotawanyika mabondeni hufikiwa kwa miguu au kwa farasi. Farasi wa Wasotho ni mfupi, mwenye kwato ngumu, na hutembea juu ya mawe makali bila kujikwaa. Mababu zake waliletwa na Waholanzi kusini mwa Afrika katika karne ya 17. Wasotho waliwapata karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza. Ndiye huyo huyo aliyewapokea mwaka 1833 wamisionari watatu kutoka Ufaransa, Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin, ambao kazi yao ilizaa Kanisa la Kiinjili la Lesotho.

Ukifika Semonkong utawakuta farasi wamefungwa nje ya maduka kama sisi tunavyoegesha baiskeli sokoni. Punda nao hupanda na kushuka wakipeleka mahindi mashineni. Nyumbani chakula ni papa na moroho, na mama yeyote wa kwetu angekijua kwa kukitazama tu: ni ugali na mboga za majani. Miti ni michache mno, kwa hiyo akina mama hukausha samadi ya ng'ombe wapate kuni. Kwa miaka mingi wanaume wengi walikuwa migodini Afrika Kusini, na mke ndiye aliyebaki na watoto, shamba, mifugo na wakwe. Tangu migodi ilipoanza kupunguza wafanyakazi, waume wengi wamerudi, lakini mshahara haukurudi nao.

Mifugo hulindwa na wavulana. Wengine hukaa miezi mingi katika vibanda vya malishoni, mbali na shule na mbali na mama zao. Ndiyo sababu Lesotho ni moja ya nchi chache za Afrika ambako wanawake wanaojua kusoma ni wengi kuliko wanaume. Serikali ilianza kuondoa ada ya shule za msingi mwaka 2000, na mwaka 2010 sheria ikafanya elimu hiyo kuwa ya lazima, ila bado wapo vijana waliopitwa.

Sikukuu yao kubwa ni mashindano ya mbio za farasi. Kijiji kizima hutoka na wazee huvaa blanketi zao nzuri. Wavulana wembamba hupanda farasi, wengine bila tandiko, na vumbi hutimka. Ni furaha ya kweli, na hatuwezi kuwaonea kijicho wenzetu kwa furaha yao. Lakini pesa za kamari nazo hupita mkono kwa mkono siku hiyo, na sisi akina mama tunajua pesa hizo zilikuwa zinunue nini.

NENO LA MUUGUZI KUHUSU PEPOPUNDA

Panapokaa farasi na punda, muuguzi hawezi kupita bila kusema neno. Wazee wetu waliuita ugonjwa ule wa kukaza taya na kukakamaa mwili pepopunda. Haidhuru walitaka kusema nini, punda yumo ndani ya jina. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, hasa farasi na punda. Huingia mwilini kwa kidonda, na kwa mtoto mchanga huingia kwa kitovu kilichokatwa na kifaa kichafu au kupakwa kitu kichafu.

Kwa hiyo, mama, iwe una farasi, punda au ng'ombe, kitovu cha mtoto kisipakwe samadi, majivu, udongo wala dawa yoyote ambayo hukupewa zahanati. Kiachwe kisafi na kikavu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Na chanjo ya pepopunda ichomwe: ya kwanza mapema iwezekanavyo, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga, na Kenya mwaka 2018. Kutokomeza huko hakumaanishi kwamba vijidudu vimeondoka udongoni. Vimezuiwa na chanjo na usafi, na tukilegea vitarudi.

UCHUNGU HAUNGOJI FARASI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika Lesotho mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 1,024 walifariki kwa sababu za uzazi. Hiyo ni sawa na mama mmoja kwa kila watoto mia. Virusi vya UKIMWI, ambavyo nchini humo vimempata karibu mtu mzima mmoja kati ya watano, vilichangia sana. Lakini milima nayo ina sehemu yake.

Wauguzi hufundishwa kwamba mama mzazi huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua, wa pili ni kuchelewa kufika, na wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Tufikiri kidogo juu ya kijiji cha farasi. Mama anaanza kutoka damu baada ya kujifungua nyumbani. Farasi yuko malishoni, au amechukuliwa na shemeji. Mto umejaa. Mwenye kutoa ruhusa hayupo. Damu nyingi ya uzazi huweza kumwua mama ndani ya saa mbili, na safari ya farasi hadi zahanati ni saa nne au zaidi. Tena mama anayetoka damu au aliyeshikwa na kifafa cha mimba hawezi kukaa juu ya tandiko. Mnyama yule yule anayebeba kila kitu cha nyumba hiyo, siku hiyo hana msaada mkubwa.

Tusisahau pia suala la ruhusa. Hadi mwaka 2006 sheria ya Lesotho ilimhesabu mwanamke aliyeolewa kama mtoto chini ya mamlaka ya mumewe. Mwaka huo sheria mpya iliondoa mamlaka hayo. Lakini sheria hubadilika bungeni kabla haijafika jikoni, na hata kwetu wapo akina mama wanaoumwa uchungu huku wakimngoja baba arudi ndipo waondoke.

Wenzetu wamefanya nini? Walianza kwa kukubali kwamba safari ya mama isianze na uchungu. Wasotho wana mila ya zamani ya mke kurudi kwa mama yake mimba ya kwanza ikikaribia kuzaliwa. Kwa hiyo wazo la kuhama mapema si geni kwao. Shirika la Partners In Health, lililoanza kazi Lesotho mwaka 2006, liliimarisha zahanati za milimani kama Nohana na Bobete, na kando ya zahanati hizo zikawekwa nyumba za kusubiria. Mama huhamia huko siku zake zikikaribia, angali na nguvu za kusafiri polepole. Hupikiwa au hujipikia, hupimwa, na uchungu ukianza huwa amebakiza hatua chache tu kufika chumba cha kujifungulia. Wahudumu wa afya wa kijiji humfuata nyumbani mapema, humshauri, na humsindikiza. Farasi naye amepata kazi inayomfaa: katika baadhi ya zahanati za milimani wapanda farasi wamebeba sampuli za damu kwenda kupimwa na kurudisha majibu, ili mama mwenye virusi aanze dawa mapema na mtoto asiambukizwe.

SHILINGI YA KUZIKA

Wanawake wa Lesotho wana vyama vingi vya kusaidiana. Makanisani wako akina mama wa maombi, wanaojulikana kwa sare zao na kwa kutembelea wagonjwa. Vijijini kuna vyama vya kuzikana viitwavyo mpate sheleng, maana yake nizike, shilingi. Wanachama huchanga kidogo kidogo, na mmoja akifiwa, jeneza, chakula na usafiri vinapatikana siku hiyo hiyo.

Akina mama, jina hilo limetugusa kwa sababu hata sisi tunavyo vyama vya namna hiyo. Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana, na ni jambo jema la Kikristo kumsitiri mwenzako. Lakini hebu tujiulize kwa uaminifu. Mama akifa kwa uzazi, gari la kumzika linapatikana kwa saa mbili. Majirani wanatoa mchele, maturubai na masufuria bila kusukumwa. Kwa nini gari hilo hilo halikupatikana juzi yake usiku, alipokuwa bado anapumua? Pesa zilikuwepo. Zilikuwa kwenye mkoba wa mweka hazina, zikingoja msiba.

Msamaria Mwema katika Injili ya Luka hakuchanga kwa ajili ya mazishi ya yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Alimpandisha juu ya mnyama wake angali hai, akampeleka penye huduma, na akalipa gharama.

TUNAPENDEKEZA

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha akina mama kinachosoma safu hii kifanye mambo haya kabla mwezi haujaisha:

1. Tengeni mfuko wa pili, wa usafiri wa mama mzazi. Usichanganywe na wa msiba. Anza na kiasi ambacho mjane wa mwisho katika kikundi anakiweza.

2. Andikeni majina ya wajawazito wote wa mtaa na mwezi wanaotazamia. Kila mmoja awe na mama mmoja wa kumfuatilia na kuhakikisha anahudhuria kliniki.

3. Patana mapema na mwenye gari, pikipiki, mtumbwi au mkokoteni. Simu yake iwe kwa watu watatu, si kwa mume peke yake.

4. Ongea na mumeo sasa, mkiwa mmekaa kwa amani, mkubaliane nani ataamua asipokuwepo. Ruhusa itolewe leo, isingojewe usiku wa hatari.

5. Kama makazi yenu yako mbali na huduma, ulizeni zahanati au hospitali kama ina nyumba ya kusubiria. Kama haina, tafuteni ndugu au muumini anayekaa karibu na hospitali ampokee mama wiki mbili tatu za mwisho.

6. Kila mwanakikundi azijue dalili za hatari: kutoka damu, kuumwa kichwa kikali au macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kuvunjika bila uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Mama mwenye dalili hata moja asingojeshwe mpaka asubuhi.

Baba naye asiachwe nje. Msomeeni ukurasa huu jioni. Wengi wao hawakatai kwa ubaya. Hawajaambiwa tu kwamba saa mbili zinatosha kumpoteza mke.

Bwana awabariki wenzetu wa milima ya Lesotho, awalinde wapandao na watembeao kwa miguu. Na sisi atupe mioyo ya kuchangia uhai kwa wepesi ule ule tunaochangia nao msiba. Khotso, akina mama. Amani iwe nyumbani mwenu.