Jasho la Ndugu Zetu Lisiliwe Njiani



Kuna neno linalotembea katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, nalo limerudiwa mara nyingi hata watu wakalidhani kuwa kweli: «Aliye ng'ambo hakosi.» Kwa ajili ya neno hilo mwenye kabini hukata apendavyo, mjomba hula kilichotumwa kwa ajili ya mgonjwa, na kijana mwenye nguvu huketi akingoja simu ilie. Sisi tunalipinga neno hilo. Aliye ng'ambo hukosa, tena hukosa sana, na anachotutumia ni mshahara wa mfanyakazi.

Tujiulize kwanza hao wa ng'ambo ni nani. Ni wana wa Kitchanga, Mweso, Nyabiondo, Ngungu, Pinga na Walikale, ambao tangu vita vya mwaka 1993, na vingine vilivyofuata, walikimbia na vifurushi kichwani. Wengi waliishi miaka mingi katika kambi za Nakivale na Kyangwali nchini Uganda kabla ya kupokelewa Marekani, Kanada au Australia. Wengine wako Kampala na Nairobi, wanachuuza na kushona. Huko walikofika, wako wanaokata nyama kiwandani usiku kucha, wanaosafisha ofisi za watu, wanaowaogesha wazee wasiojiweza. Wakipokea mshahara hulipa kwanza nyumba, chakula na usafiri. Kinachobaki ndicho wanachokigawa, nasi tumo katika mgawo huo.

Sasa tuifuate pesa hiyo safarini. Hutoka katika akaunti ya banki au mfuko wa mtumaji, hupitia shirika la kutuma pesa, huingia katika simu ya mpokeaji, na mwisho hutolewa noti katika kabini. Kila kituo hukata sehemu yake. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulijiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kutuma pesa za wahamaji iwe chini ya asilimia 3. Hata hivyo, kwa hesabu za Banki ya Dunia za miaka ya karibuni, kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hugharimu takribani asilimia 8, na hakuna sehemu nyingine ya dunia inayotozwa zaidi. Maskini wa dunia ndio wanaolipishwa zaidi ili wasaidiane. Hili peke yake latosha kutukasirisha.

Sisi tuliosomea kufundisha watoto kujumlisha na kutoa tunawaomba mfanye nasi hesabu moja, iwe mfano tu. Ndugu ametenga dola 100. Njia imekata 8, zimebaki 92. Kabini imekata 5 katika kila mia, zimebaki dola 87 na senti 40. Aliyepokea kwa jina lake amejichukulia 10 «za kutembea», zimebaki 77 na senti 40. Mama mgonjwa, aliyekusudiwa, anapata hizo. Rudieni jambo hilo kila mwezi: mwisho wa mwaka zimepotea dola 271, nazo zingemlipia mtoto minervali ya sekondari.

Mtatuambia kwamba makato ya mashirika makubwa hayako mikononi mwetu. Ni kweli, lakini si yote. Mtumaji anaweza kulinganisha njia kabla ya kutuma, maana bei hutofautiana sana, na mara nyingi kutoka banki hadi banki ndiko ghali kuliko kutuma kwa simu. Anaweza pia kutuma mara moja kwa mwezi badala ya vipande vinne, kwa kuwa kila kipande hukatwa. Na wenye ndugu Marekani wawakumbushe kwamba tangu tarehe 1 Januari 2026 nchi hiyo inatoza kodi ya asilimia 1 juu ya pesa inayotumwa nje kwa noti taslimu, ilhali inayotoka katika akaunti ya banki haitozwi kodi hiyo. Mambo kama haya yafundishwe katika vikundi vyenu, maana kutojua nako kuna gharama.

Tuje sasa kwetu. Tangu mji wa Goma ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, banki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Noti zikawa adimu. Wenye uwezo walivuka mpaka kwenda kutoa pesa Gisenyi. Wasio na uwezo walibaki na tarakimu ndani ya simu na njaa ndani ya nyumba. Masisi tulikuwa mbali na banki hata kabla ya hapo, na Walikale barabara ya Goma imekatwa na vita mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Basi kabini ikawa ndiyo banki yetu. Mwenye kabini, ambaye jana aliuza mayuniti chini ya mwavuli, leo ameshika ufunguo wa dawa, wa chumvi na wa sanda.

Hapa ndipo tunaposema nanyi bila kuficha, kwa sababu wenye kabini wengi ni vijana, na baadhi yao huimba nasi kwaya siku ya Bwana. Kumtazama mtu usoni, kuona kwamba ana mgonjwa, kisha kupandisha makato kwa sababu umeona hana pa kwenda, huo ni unyang'anyi. Anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya neno biashara. Mwenye bunduki barabarani naye husema anatafuta chakula cha watoto wake.

Mwenye kabini atajibu, na jibu lake tunalisikiliza. Noti hazishuki kutoka mbinguni. Anazifuata mbali, analipa kwenye vizuizi, anahatarisha maisha yake, na siku nyingine anaporwa zote. Haya ni kweli, na mtu anayefanya kazi hii anastahili ujira wake. Lakini ujira una kipimo, nao hufuata gharama na taabu ya anayetumikia. Dhiki ya anayetumikiwa haiwezi kuwa kipimo. Kama noti zimekuwa ghali wiki hii, makato yapande kwa wote, yaandikwe ubaoni asubuhi, na mteja ayasome kabla ya kutoa simu yake. Bei inayobadilika kwa mjane na kwa mkubwa, bei inayotajwa baada ya pesa kuingia, hiyo haina utetezi. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba hali ya mtu anayefanya kazi nje ya nchi yake isigeuzwe nafasi ya kumnyonya. Anayenyonya mshahara huo kwenye kituo cha mwisho, hapa nyumbani, hana udhuru kuliko anayeunyonya kwenye kituo cha kwanza.

Lakini tusiwabebeshe wenye kabini dhambi zote. Ziko nyumba ambazo pesa hufika salama, na humo ndimo inamouawa. Mtumaji ameambiwa kuna mgonjwa, na mgonjwa hayupo. Ametuma ya kununua kiwanja, akatumiwa picha ya kiwanja cha jirani. Ametuma ya mabati, na miaka mitatu baadaye mabati yamekuwa pikipiki ya shemeji. Siku akirudi, au siku akiacha kutuma kwa sababu amejua, ukoo wote husema amesahau kwao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba pamoja na mali hupotea undugu.

Na tuwaseme pia wanaongoja. Hatuwasemi waliomo kambini, ambao mashamba yao yamo mikononi mwa wenye silaha. Hao hawana jembe wala mahali pa kulipiga, na kila senti wanayotumiwa ni uhai. Tunamsema kijana mwenye shamba, mwenye mikono na mwenye afya, aliyejifanya mtoto wa kaka yake aliye Texas. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi tumewaona wakifa hivyo wangali hai.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wenu. La kwanza, kila mwenye kabini aliye mshiriki wa kikundi chenu aandike makato yake ubaoni na asiyabadilishe mbele ya uso wa mteja. La pili, pesa itumwe kwa jina la yule aliyekusudiwa; kama hana simu, apokee mtu aliyechaguliwa mbele ya ukoo, na mtumaji apewe habari siku hiyo hiyo. La tatu, kila nyumba inayopokea iwe na daftari: kilichoingia, kilichokatwa, kilichotumika, na picha ya ukurasa huo apelekewe mtumaji kila mwezi. La nne, sehemu fulani ya kila pesa inayokuja, hata ikiwa ndogo, iwekwe katika likelemba au katika kikundi cha akiba cha jumuiya, ili inunue mbegu, mbuzi au cherehani, maana mtumaji naye atazeeka, ataugua, au atapoteza kazi.

Tunajua kwamba kuna watakaotucheka na kusema katekista aache mambo ya dola aende kufundisha sala. Sisi tunaona kwamba anayeiba mshahara wa ndugu yake siku ya Jumamosi hawezi kunyosha mikono yake vizuri siku ya Jumapili. Leteni maneno haya katika mkutano wenu ujao. Wenye kabini waseme yao, wenye ndugu ng'ambo waseme yao, kisha mkate shauri na mliandike. Ubao mmoja wa makato ulioandikwa kwa chaki, mkiusimamisha kweli, utawatetea wajane wa parokia yenu kuliko hotuba zetu zote.