Warina Asali wa Kibondo Wasikilizwe

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, Waha wametundika mizinga yao kwenye misitu ya miyombo tangu enzi za mababu. Mrina asali anajua mti upi unachanua na lini, chemchemi ipi haikauki, na moto wa mwezi gani huteketeza msitu. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni, lakini ni elimu.

Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi, lenye hekta zipatazo 3,250,000, liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, likiwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kupewa heshima hiyo. Na mwezi Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, huku haki za wenyeji zikiheshimiwa. Maana yake ni kwamba mipaka zaidi itachorwa. Swali ni hili: nani atakuwapo inapochorwa?

Sheria si haba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekipa kijiji madaraka juu ya ardhi yake. Na tangu 2002 Sheria za Misitu na Ufugaji Nyuki zinakiruhusu kutenga hifadhi zake chenyewe.

Hatusemi kwamba kila desturi ni njema. Mzinga wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti ulio hai, na mti huo hufa. Lakini mrina asali akishirikishwa, atabadili mzinga kwa hiari yake. Akiamrishwa tu, atangoja mlinzi apite.

Ndugu zetu wa visiwani wanalifahamu jambo hili. Kisiwa cha Misali, Pemba, kilipotangazwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi hawakufukuzwa. Sehemu ilifungwa, sehemu ikaachwa kwa uvuvi, na wavuvi wenyewe wakapewa nafasi katika kamati. Yaliyowezekana baharini hayashindikani msituni.

Kwa hiyo tunawakumbusha maofisa wahusika kwamba kumwita mwananchi mkutanoni ili asomewe uamuzi uliokwisha kukatwa si kumshirikisha. Aitwe kabla ramani haijachorwa, na neno lake lionekane ndani ya ramani hiyo. Msitu usio na mwenyewe kijijini hauna mlinzi, hata ukizungushiwa askari.